Shajara ya mradi: siku 60 za kutafuta nyumba inayokubali mbwa na paka

Siku ya 1. Zimebaki 60.

Barua imepitishwa chini ya mlango alfajiri. Nyumba imeuzwa, aliyeinunua anataka kuhamia mwenyewe, sisi tutoke ndani ya siku 60. Sina ugomvi na barua. Imeandikwa kistaarabu, na notisi ni ile ile iliyomo kwenye mkataba. Tatizo ni kwamba mara ya mwisho kutafuta nyumba nilikuwa peke yangu na mabegi mawili, na safari hii tuko watatu.

Kazini kila mradi nauandikia shajara, na huu nao nauandikia. Wahusika ni mimi; Bosi, mbwa dume chotara, miaka 9, kilo 22, sikio moja limesimama na jingine limelala; na Nukta, paka jike wa miaka 4, mweupe mwenye doa jeusi puani, kafungwa kizazi, hana habari na mtu.

Sharti gumu ni mtaa. Bosi ameshazeeka na hawezi kukaa ndani kutwa nzima bila kutolewa, kwa hiyo kila mchana natoka kazini, namtoa, narudi. Zaidi ya dakika 20 kwa miguu mpango huo unakufa. Nimechora duara kwenye ramani kwa penseli. Humo ndani kuna maghorofa mengi na nyumba chache zenye uwanja. Za uwanja nimeshajua siziwezi.

Siku ya 4. Zimebaki 57.

Simu 14. Nyumba za kwenda kuona: hakuna.

Kabla ya kutamka "mbwa" mtu anakusikiliza, anakutajia vyumba, maji, maegesho. Ukishalitamka, sauti inapoa ghafla kama umemwambia unauza bima. Watatu walinijibu "mifugo hairuhusiwi", nikabaki nimemwona ng'ombe akisubiri lifti. Mmoja akauliza kama mbwa wangu anauma. Nikasema hapana, hajawahi. "Sasa wa nini?" akasema, akakata.

Paka anasamehewa kirahisi. Wanne waliomkataa Bosi walisema paka hana neno, mlete. Nimeliandika hapa kwa sababu ni kweli, ila silipendi.

Siku ya 7. Zimebaki 54.

Nikajaribu ujanja: kwenye simu sisemi kitu, nasubiri tufike. Nyumba ya kwanza kuiona kwa macho. Ghorofa ya pili, madirisha yanatazama miti, jiko pana. Mwenye nyumba ni mzee mpole, alinionyesha mpaka koki ya kufungia maji na jinsi ya kuinua mlango wa bafu kidogo ili ufunge vizuri. Tulipofika mlangoni kuagana ndipo nikasema, "Mzee, nina mbwa na paka."

Alinyamaza kidogo. "Ungeniambia kwenye simu, mwanangu. Nimepanda ngazi hizi na goti hili."

Angenifokea ningeona nafuu. Nilivyomwona, huyu alikuwa mtu wa kukubali, na si mbwa aliyemkatisha tamaa. Kuanzia kesho wanyama watatajwa sentensi ya pili, baada ya salamu, kabla sijauliza kodi.

Siku ya 9. Zimebaki 52.

Madalali wawili. Wa kwanza hakupokea tena simu yangu. Wa pili alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa ushauri wa bure: "Dada, sema una samaki." Namwelewa. Dalali anapata chake nyumba ikipata mtu, na mteja mwenye masharti anamchelewesha. Simtegemei, lakini simfuti.

Siku ya 10. Zimebaki 51.

Usiku nimesoma sheria za nchi za watu. Ufaransa, sheria ya Julai 1970 inasema sharti la mkataba linalomkataza mpangaji kufuga mnyama wa nyumbani ni batili, mradi mnyama haharibu wala hasumbui majirani. Wanaoweza kukatazwa ni mbwa wa mashambulizi. Jimbo la Ontario kule Kanada, sharti kama hilo kwenye mkataba wa upangaji nalo halina nguvu. Uingereza wamepitisha sheria mwaka 2025 inayompa mpangaji haki ya kuomba ruhusa ya kufuga, na mwenye nyumba haruhusiwi kukataa bila sababu ya maana. Marekani, mbwa anayemsaidia mtu mwenye ulemavu hahesabiwi kuwa mnyama wa kufugwa tu, na mwenye nyumba hawezi kumtoza ada ya mnyama. Bosi hamsaidii mtu, labda kuniamsha saa kumi na moja.

Niliyotoka nayo hasa ni ya Ujerumani. Mwaka 2013 mahakama yao ya juu ilisema mwenye nyumba hawezi kuandika kwa jumla kwamba mbwa na paka marufuku. Lazima kila hali ipimwe. Ikataja na vya kupimwa: aina ya mnyama, ukubwa, tabia, idadi, hali ya nyumba yenyewe, na watu wanaoishi humo na jirani. Huku kwangu mahakama hiyo haina meno, mkataba ndio unaosema. Lakini orodha ile ni nzuri. Yale ndiyo maswali yanayompitia kichwani mwenye nyumba yeyote anaposikia "mbwa", hata kama anayatoa yakiwa neno moja tu, hapana. Nitayajibu kabla hajauliza.

Siku ya 13. Zimebaki 48.

Faili imekamilika, kurasa sita.

Juu kabisa ni vyeti vya chanjo ya kichaa cha mbwa, vyote viwili. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya visa vya kichaa kwa binadamu hutokana na mbwa, kwa hiyo mtu akiogopa hilo haogopi upuuzi, anastahili kuonyeshwa tarehe na muhuri. Kisha barua ya daktari wa mifugo kuhusu afya na kufungwa kizazi, na namba za chipu, tarakimu 15 kila mmoja. (Kila anayesikia habari za chipu anadhani inaonyesha mnyama alipo. Haionyeshi. Ni namba tu chini ya ngozi, inasomwa kwa kifaa kikisogezwa karibu kabisa, na kama hukubadilisha simu yako kwenye daftari la usajili haina faida.) Kisha picha za sakafu na milango ya nyumba ninayotoka, na barua ya mwenye nyumba wangu wa sasa. Aliandika mistari mitatu, wa mwisho ukiwa: "Sikuwahi kupokea malalamiko, ila mbwa hukoroma."

Ukurasa wa saba nimeuchana. Nilikuwa nimeandika wasifu kwa sauti ya Bosi, "Habari, naitwa Bosi, napenda kulala," kama nilivyoona wengine wakifanya. Nikausoma kwa sauti, nikaona haya peke yangu chumbani. Mtu anayeogopea sakafu yake hatulizwi na barua ya mbwa.

Siku ya 16. Zimebaki 45.

Leo nimejifanyia uchunguzi mwenyewe. Barua ya mwenye nyumba inasema hakuna malalamiko, lakini jirani yangu wa ukuta mmoja ni mzee asiyesikia vizuri. Kwa hiyo nimeiacha simu ya zamani juu ya kabati ikirekodi, nikaondoka saa nne.

Mlango unafungwa. Dakika mbili kimya, kisha kucha zinatembea mpaka mlangoni na kurudi, mpaka mlangoni na kurudi. Dakika ya sita kunaanza kilio chembamba, kama mlango unaohitaji mafuta. Dakika ya tisa lifti inapiga kengele. Anabweka, anasubiri, anabweka tena. Nimehesabu mibweko 31. Dakika ya 24 anashusha pumzi ndefu, anajitupa chini, na kuanzia hapo ni saa tatu za kukoroma. Sauti ya Nukta haimo kabisa.

Nilikaa nimeshika kalamu, nimeacha kuandika. Miaka sita naondoka kila asubuhi nikiamini anajilalia tu.

Madaktari wanasema hofu ya kuachwa hujitokeza mapema, mara nyingi ndani ya nusu saa ya kwanza, na kwake ndivyo ilivyo. Dawa yake ni ya polepole. Natoka dakika moja, narudi kabla hajaanza. Dakika mbili. Tatu. Nashika funguo, nakaa kwenye kochi, naziweka chini, siendi popote, mpaka funguo zipoteze maana. Jioni hii nimeshika funguo mara 20. Bosi alinitazama kama mtu anayemuuguza ndugu aliyechanganyikiwa.

Siku ya 20. Zimebaki 41.

Nyumba ya tatu kuiona. Mwenye chumba amekubali baada ya kupekua faili. Kisha akapiga simu chama cha wamiliki wa jengo, na kanuni zao zinasema hakuna mbwa anayezidi kilo 10. Kumbe vizuizi ni viwili, mwenye nyumba na jengo, na mmoja akisema ndiyo mwingine hafungwi. Kwenye simu sasa naulizia vyote.

Kilo 10. Kuna mbwa wa kilo 5 wanaobweka mpaka wanajiinua kutoka ardhini.

Siku ya 23. Zimebaki 38.

Karibu nisaini. Nyumba nzuri, dakika 11 kutoka kazini. Dalali (yule wa samaki, karudi) anasema, "Mlete tu, hakuna shida, mwenye nyumba anaishi mbali." Mkataba, kifungu cha tisa: wanyama wa aina yoyote hawaruhusiwi. Nikaomba kifungu kirekebishwe. Akacheka. "Dada, hayo ni maandishi tu."

Rafiki yangu ananiambia nimekosea, nusu ya watu anaowajua wanaishi hivyo na hakuna anayekuja kukagua. Labda ni kweli. Lakini maandishi hayo hayo ndiyo yanayolinda amana yangu na notisi yangu. Siwezi kuyaita maandishi tu kwenye ukurasa wa pili na sheria kwenye ukurasa wa nne. Na mtu anayejificha na mbwa wa kilo 22 anaishi vipi? Anamtoa usiku wa manane? Anamnyamazisha kila lifti ikipiga kengele? Sikusaini. Usiku nimejuta kidogo.

Siku ya 27. Zimebaki 34.

Kwenye simu yule baba alisema, "Paka hapana. Mbwa tutazungumza." Ni wa kwanza kulipindua, nikaenda kwa udadisi tu.

Ukifungua mlango unaelewa. Chumba kimepakwa rangi juzijuzi, madirisha wazi, na bado kile kitu kinakupiga puani, kikali. Mpangaji aliyepita alikuwa na paka dume ambaye hakuhasiwa. Wamesugua kwa sabuni, wakasugua tena kwa dawa ya kung'arisha yenye klorini, kijana wa usafi akakohoa mpaka akatoka nje, wakapaka rangi mara mbili. Kukiwa na unyevu hewani, harufu inarudi kama vile haijawahi kuguswa.

Nikamwomba azime taa na afunge pazia. Kwenye mkoba nina tochi ndogo ya mwanga wa urujuanimno. Niliinunua Nukta alipokuwa mdogo na mimi ni mgeni wa mambo haya. Kwenye kona sakafu ilikuwa safi. Ukutani, kama shubiri mbili kutoka chini, palikuwa na michirizi ya kijani-manjano inayong'aa, imeteremka na kukaukia. Mingine ipo kwenye mguu wa kabati la ukutani, na mmoja kwenye fremu ya mlango. Yule baba alichuchumaa pembeni yangu na kuita jina la Mungu.

Paka dume akitia alama anarusha kuelekea nyuma, akiwa amesimama, kwa hiyo wao walikuwa wanasugua mahali ambapo hakupiga. Na mkojo wa paka una asidi ya uriki, ambayo ikikauka inabaki kuwa chembe zisizoyeyuka vizuri kwa maji. Sabuni inaondoa vingine, chembe zinabaki, unyevu ukija zinaamka. Rangi inazifunika tu. Ile dawa ya kung'arisha ndiyo mbaya zaidi, maana ikikutana na amonia ya mkojo hutoa gesi inayochoma macho na kifua. Kikohozi cha yule kijana hakikuwa mafua. Kinachofaa ni sabuni yenye vimeng'enya, ambavyo huvunjavunja uchafu wenyewe. Unaloweka, unaacha siku nzima, unarudia.

Nikamwandikia yote kwenye karatasi. Alinishukuru mara mbili, akaninyima nyumba. Kwa alichokiona ukutani, nami ningejinyima.

Siku ya 31. Zimebaki 30.

Simu 46 tangu tuanze. Nyumba tano nimeziona. Kaka yangu amepiga, amejitolea kumchukua Bosi "mpaka mambo yakae sawa". Ana uwanja, ana moyo mzuri. Nikamwambia nitafikiri. Bosi alikuwa amelalia mguu wangu muda wote wa mazungumzo.

Siku ya 33. Zimebaki 28.

Yule baba wa harufu kapiga simu. Chumba kimepona! Paka bado hataki, ila shemeji yake ana nyumba ghorofa ya tatu, ndani kabisa ya duara langu, imekaa wazi mwezi mzima. "Nimemwambia wewe ni mtu wa kuchuchumaa," anasema. Nimeichukua kama sifa.

Kabla ya kwenda kwa mama mwenye nyumba nimepita jioni, peke yangu, nikasimama na mlinzi wa getini. Nashangaa sikuwahi kufanya hivi kabla. Ndani ya dakika kumi nimejua kuliko ambavyo simu zote 46 zingeniambia. Jengo lina mbwa wawili tayari. Kanuni zinaruhusu. Maji hayakatiki. "Nyumba ile haijakosa watu, dada. Ila mama wa chini yake ni muuguzi, anafanya kazi usiku, analala mchana. Aliyekaa juu mwanzo alikuwa na kijimbwa. Waligombana mwaka mzima. Mama mwenye nyumba hachukui tena mtu bila huyu wa chini kuridhika."

Yaani mwezi wote huu nimekuwa nikimshawishi mtu asiyelala chini ya mbwa wangu.

Siku ya 35. Zimebaki 26.

Nimekwenda saa kumi jioni, saa aliyonitajia mlinzi kwamba huwa ameshaamka. Nimebeba faili na simu yenye rekodi mbili: ile ya mibweko 31 na ya juzi, ambayo ina mibweko minne na kilio hakuna. Nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayekwenda kutetea tasnifu.

Alinikaribisha, akasikiliza rekodi ya pili kama dakika moja, akanirudishia simu. "Kubweka sina neno nako. Hata watu wanabweka humu."

Nikauliza, sasa yule wa mwanzo alikosa nini?

Akanyoosha kidole juu, akagonga meza kwa ukucha. Tik, tik, tik, tik. Kimya. Tik, tik, tik. "Saa sita mchana mpaka saa nane. Kutoka pale mpaka pale. Kijitu chenyewe kilo tatu. Marumaru hizi zinateremsha kila kitu. Mama, nilikuwa nazihesabu hatua zake nikiwa nimelala."

Nikaikumbuka ile rekodi ya kwanza, dakika ya pili. Kucha mpaka mlangoni na kurudi. Nilizisikia, nikaziandika humu kwa mkono wangu, nikapita kutafuta mibweko.

Na saa zake za usingizi, tatu asubuhi hadi tisa mchana, ndizo zenye ile safari yangu ya mchana iliyonifanya nichore duara. Nilimweleza hivyo hivyo, bila kuficha. Tukakaa tunapanga kama watu wanaopanga shughuli. Zulia nene lenye mpira chini, si la chumba kizima, njia tu, kutoka godoro la Bosi mpaka mlangoni, na jingine mbele ya dirisha anapopenda kuota jua. Kucha zikatwe kila wiki mbili. Mlango usibamizwe. Viatu vyangu nivivue. Hilo aliliongeza mwenyewe, na alikuwa na haki. Naye atanitumia ujumbe akisikia kitu, badala ya kumpigia mama mwenye nyumba. Namba tumebadilishana.

Hakusema ndiyo. Alisema, "Mwambie mama mwenye nyumba anipigie."

Siku ya 36. Zimebaki 25.

Amepigiwa. Amesema hana neno.

Siku ya 39. Zimebaki 22.

Mkataba. Mama mwenye nyumba ni mtu wa biashara na nimempenda kwa hilo. Yeye alitaka kuandika "wanyama wanaruhusiwa", mimi nikakataa. Maneno mapana vile yanamtisha mwenye nyumba wa kesho, na mimi hayanilindi: akitokea mtu kusema Nukta hakuhesabiwa, nitamwonyesha nini? Tumeandika mbwa mmoja, paka mmoja, majina, rangi, namba za chipu. Mnyama mwingine akija, ruhusa iombwe upya.

Tulibishana kwenye pesa. Alitaka ada ya wanyama, hairudishwi. Nikamwambia, mama, ada nikishailipa imekwenda, hata sakafu ikichanika nimeshailipia. Amana nitailinda kwa meno, kwa sababu naitaka irudi. Alifikiri kidogo, akacheka, akafuta "ada" akaandika "amana". Inakatwa kwa uharibifu uliozidi uchakavu wa kawaida, na kipimo ni picha tulizopiga pamoja leo, chumba kwa chumba, 64, zote zina tarehe na kila mmoja anazo.

Siku ya 44. Zimebaki 17.

Madirisha. Ghorofa ya tatu na Nukta anapenda kingo. Watu husema paka akianguka hutua kwa miguu. Mwaka 1987 madaktari wa mifugo wa New York walichapisha habari za paka 132 walioanguka kutoka majengo marefu wakafikishwa hospitalini, na asilimia 90 waliokolewa. Inasimuliwa kama habari njema. Mimi nawaza wale ambao hapakuwa na haja ya kuwabeba, na taya na vifua vya hao waliobebwa. Fundi ametengeneza fremu za wavu zinazobanwa ndani ya dirisha, hazitoboi ukuta. Nimezisukuma kwa kiganja, kisha kwa bega. Hazitoki.

Bosi: dakika 45 peke yake, bila sauti.

Siku ya 52. Zimebaki 9.

Tumehama. Nukta aliingia kwanza, ndani ya kasha lake, moja kwa moja chumbani, na beseni lake la mchanga na blanketi ambalo kwa makusudi sikulifua. Mlango ukafungwa, karatasi ikabandikwa: USIFUNGUE. Mmoja wa wabebaji alifungua. Nukta alikaa saa tano nzima nyuma ya friji, tukimwona doa la pua tu.

Bosi kaikataa lifti. Tumepanda ngazi, ghorofa tatu, akipumzika kila moja.

Mama mwenye nyumba alikuwa ametuachia chombo cha maua ya yungiyungi (lily) mezani, meupe, makubwa. Nia njema kabisa, na kwa paka ni sumu. Hata chavua tu, akijilamba manyoya, inaweza kuua figo. Nimeyatoa kabla ya kushusha begi, nikafuta meza kwa kitambaa kilicholowa, nikayateremsha kwa mama wa chini. Akauliza kama ni hongo. Nikasema ni ya leo tu.

Siku ya 60. Imebaki 1.

Funguo za nyumba ya zamani zimerudishwa, amana imerudi yote. Namba yangu mpya na anwani vimeshaingia kwenye usajili wa chipu. Kucha zimekatwa, za Bosi ni nyeusi, mshipa hauonekani, unakata kidogo kidogo kama mtu anayechonga penseli.

Siku ya 69.

Ujumbe kutoka chini, saa tisa na robo: "Leo hamkutoka mchana?"

Tulitoka saa sita na nusu, nimemjibu. Tukarudi saba.

"Aa."

Zulia la dirishani: Nukta ameanza kulichana, kona ya kushoto, nyuzi tatu zimetoka. Zulia ni langu, si la nyumba. Nimepiga picha hata hivyo, ya 65.